Pumu na mimba: pampu ya bluu tu, pampu ya kila siku, au vidonge? Nalinganisha mimba zangu mbili

Nimebeba mimba mbili nikiwa na pumu. Ya kwanza niliibeba na pampu ya bluu peke yake, ile ya kufungua kifua ukishabanwa, nikichanganya na vidonge vya duka la dawa pale inaponibana, ya pili niliibeba na pampu ya kuzuia, ile ya kila siku ili usibanwe, asubuhi na jioni mpaka siku ya kujifungua. Mwili ule ule, chumba kile kile Mbagala, vumbi lile lile, ila ukiziweka hizo mimba mbili pamoja utadhani ni za watu wawili tofauti. Ndo maana nimeona niandike, maana kila nikikaa na wamama wa kliniki simkosi mmoja anayebanwa usiku halafu anaogopa kugusa dawa yake, na hiyo hofu naijua vizuri sana.

Kuacha dawa au kuendelea

Mimba ya kwanza nilivyojua tu nimeshika, nikaacha kila kitu. Hakuna daktari aliyeniambia, ni watu wa nyumbani. Mama mkwe aliniita akanikalisha mkekani akasema mwanangu, hiyo midawa unayovuta inamwendea mjukuu wangu, jitahidi uvumilie, na alikuwa anasema kwa mapenzi kabisa, basi na mi nikavumilia. Wiki ya pili nilikuwa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta na mito miwili mgongoni, kifua kinapiga miluzi mpaka mume wangu anaisikia toka upande wa pili wa kitanda, ndo nikarudi kwenye bluu na vile vidonge vya dukani.

Kitu ambacho hakuna aliyenieleza kipindi kile ni kwamba mtoto tumboni hapumui mwenyewe, oksijeni yote anayopata inatoka kwenye damu yangu, kwahiyo mi nikibanwa na yeye kule ndani anapungukiwa. Pumu isiyotulia inaongeza uwezekano wa presha ya mimba, ile inayoweza kufika mpaka kifafa cha mimba, inaongeza uwezekano wa kuzaa njiti na wa mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Sasa upande wa pili weka dawa. Salbutamoli, ambayo ndo ya bluu, na za kuzuia kama budesonidi na beklometasoni, wajawazito wamezitumia miaka mingi sana, na budesonidi ndo imefuatiliwa zaidi kwa wajawazito na haikuonekana kuongeza watoto wanaozaliwa na ulemavu. Ukiviweka kwenye mizani hivyo viwili, mi sioni hata pa kusita. Pumu iliyoachiwa ndo inayomtesa mtoto.

Na usijipe moyo kwamba mimba yenyewe itaituliza. Ukiwagawa wajawazito wenye pumu mafungu matatu, fungu moja inawapungua, la pili inabaki vile vile, la tatu inawazidi, na huwezi kujua utaangukia wapi mpaka uingie. Wanaozidiwa mara nyingi ni kati ya miezi sita na nane hivi, halafu mwezi wa mwisho kwa wengi inapoa. Mi ya kwanza ilinizidi mwezi wa sita kama imepangiwa tarehe.

Pumzi za mimba au pumu yenyewe

Hapa wengi tunajichanganya. Mimba ya kawaida tu inakufanya uhisi hewa haitoshi, homoni zinakusukuma uvute pumzi nyingi zaidi na baadaye tumbo linapanda juu, hiyo inakuja taratibu, unapanda ngazi unahema, unakaa inaisha, haina miluzi, haina kikohozi cha usiku. Pumu inakuja na mlio au kikohozi kikavu, inakuamsha saa nane saa tisa usiku, inachochewa na moshi au mafua au baridi ya alfajiri, na ukivuta bluu inalegea. Ukihema huku umepauka, macho meupe na moyo unaenda mbio, omba wakupime damu, maana upungufu wa damu nao unahemesha, na wale wenzangu wa kula udongo mnajua nasemea nini. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kapime TB usisingizie pumu. Na ukihema ghafla na kifua kinauma, au miguu imevimba na huwezi kulala chali, usikae kulinganisha chochote, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Bluu peke yake au na ya kuzuia

Hii ndo sehemu ninayotaka mtu aisome mara mbili.

Pampu ya bluu inalegeza misuli iliyobana njia ya hewa. Inafanya kazi ndani ya dakika chache, unaisikia kabisa kifua kinafunguka, halafu baada ya masaa manne mpaka sita imeisha. Lakini ndani ya zile njia kuna uvimbe na makohozi yanayonata, na huo uvimbe bluu haiugusi kabisa. Ni sawa na paa linavuja masika we unakinga beseni, beseni likijaa unamwaga unakinga tena. Pampu ya kuzuia ndo fundi anayepanda juu kuziba bati. Shida yake ni kwamba huisikii. Unavuta siku ya kwanza hamna kitu, siku ya tatu hamna kitu, na watu wengi wanaitupa hapo hapo wakisema haifanyi kazi, kumbe inahitaji siku kadhaa mpaka wiki kadhaa uvimbe ushuke. Mi mimba ya pili niliianza mapema, na kama wiki ya tatu hivi niliamka asubuhi nikashangaa kwamba nimelala usiku mzima. Nilikaa kitandani nikalia kidogo, sikuwa nakumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mimba ya kwanza nilikuwa namaliza bluu moja kwa mwezi. Pampu ina mibonyezo 200, piga hesabu, ni mara sita mpaka saba kila siku, na nilikuwa naona sawa tu maana si inanifungua? Siku hizi wataalamu wanasema mtu anayemaliza bluu tatu au zaidi kwa mwaka mzima yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Mwaka mzima! Na mwongozo wa kimataifa wa pumu ule wa GINA tangu 2019 umeacha kabisa kupendekeza mtu mzima atibiwe kwa bluu peke yake, mjamzito asiwe mjamzito.

Kuna ya tatu pia, ile yenye dawa mbili ndani ya pampu moja, budesonidi na formoteroli, unaitumia kuzuia na ukibanwa unaitumia hiyo hiyo kufungulia, kwa utaratibu atakaokupangia daktari. Kama unaipata na mfuko unaruhusu, mi naiona bora kuliko zote maana huwezi kuvuta ya kufungulia ukaikwepa ya kuzuia, zimeshikana. Ubaya wake ni bei na sio kila famasi wanayo, na mjamzito hatakiwi kuishiwa katikati. Kama tayari ulikuwa unaitumia kabla ya mimba na imekutuliza, endelea nayo, usibadilishe kisa umeshika mimba.

Mi nilitumia ya beklometasoni kwa sababu ndo niliyoweza kuinunua bila kukosa. Kubonyeza mara mbili asubuhi mara mbili jioni ni mara nne kwa siku, kwahiyo pampu moja inanitosha siku 50, na bluu moja ikanikalia karibu mimba yote. Ukizijumlisha hela, mimba ya kwanza nilitumia nyingi zaidi, ukiweka na bodaboda za usiku na vile vidonge. Kitu kingine, usiende kwa rangi tu. Tumezoea kuzuia ni ya kahawia lakini viwanda ni vingi na rangi ni nyingi, soma jina la dawa kwenye boksi au mwombe mfamasia akusomee. Na ukishavuta ya kuzuia sukutua mdomo uteme, usipofanya hivyo unaweza kupata utando mweupe wa fangasi ulimini.

Ya kujipima ni rahisi. Ndani ya wiki, ukibanwa mchana zaidi ya mara mbili, ukivuta bluu zaidi ya mara mbili, ukiamshwa usiku hata mara moja, au kuna kazi umeacha kufanya kisa kifua, basi haijatulia, sema kliniki. Usisubiri waulize, foleni ni ndefu na nesi anaangalia tumbo na presha, la kifua useme we mwenyewe na uombe liandikwe kwenye kadi.

Pampu au vidonge

Watu wanaamini kidonge ni kidogo, ni cha kawaida, pampu ndo kali, ndo ya mwisho, ukianza huachi. Mi mwenyewe niliamini hivyo. Sasa angalia hii. Kubonyeza bluu mara mbili ni maikrogramu 200 za salbutamoli na zinaenda kwenye kifua moja kwa moja. Kidonge kimoja cha miligramu 4 ni maikrogramu 4,000, mara ishirini, na chenyewe kinapita tumboni kinaingia kwenye damu kinazunguka mwili mzima mpaka kwa mtoto ndo kifike kifuani, tena kimechelewa. Ndo maana vile vidonge mikono ilikuwa inanitetemeka hadi chai inamwagika kwenye kisosi na moyo unadunda kama nimekimbizwa. Kwahiyo anayeacha pampu akahamia vidonge ili kumwokoa mtoto amemwongezea mtoto dawa. Nikikumbuka roho inaniuma, maana nilifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Nilikuwa napewa dukani vile vibahasha vya karatasi, ndani vidonge vinne vitano vya rangi tofauti, hamna jina, kimeandikwa tu 1x3. Baadaye nilivyomuelezea daktari rangi zake akaniambia inawezekana mle kulikuwa na aminofilini, na aminofilini kipimo chake cha kutibu na kipimo cha kudhuru vimekaribiana sana, inaleta kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Kuna na vile vya zamani vyenye efedrini ndani, hivyo navyo vinapandisha presha, mjamzito akae navyo mbali. Usikubali kibahasha kisicho na jina, hata kama muuzaji ni jirani yako.

Kidonge kimoja tu ndo nakitetea, prednisoloni, na ni pale umebanwa vibaya na daktari amekuandikia, mara nyingi siku tano mpaka saba. Hapo meza umalize. Kondo la nyuma linavunjavunja sehemu kubwa ya dawa hiyo kabla haijamfikia mtoto, na kubanwa kukali ni hatari zaidi kuliko hizo siku chache. Ila kujinunulia mwenyewe kila ukibanwa, mwezi hadi mwezi, hapana, hiyo inapandisha sukari na presha, na mimba inajua kupandisha hivyo vitu bila kusaidiwa.

Kuvuta mtupu au na chupa

Nilivuta pampu miaka kumi na moja nikikosea. Nabonyeza, dawa inagonga nyuma ya koo, nameza. Kuvuta mtupu kunataka mambo yote yaende pamoja, tikisa, toa pumzi yote, ziba midomo, bonyeza pale pale unapoanza kuvuta polepole, halafu shikilia pumzi sekunde kumi. Sasa mtu amebanwa, tumbo limesukuma kifua juu, hizo sekunde kumi anazitoa wapi?

Kile kichupa cha katikati, wenyewe wanaita spesa, kinaondoa hiyo shida. Dawa inasubiri ndani ya chupa, we unapumua tu kawaida mara nne mpaka sita kwa kila bonyezo moja. Ya kununua ni nzuri kama unaipata, lakini ya kujitengenezea nayo inafanya kazi vizuri, na sisemi kwa kukisia, huko Cape Town Afrika Kusini daktari Heather Zar na wenzake walipima kwa watoto waliobanwa na pumu wakatoa matokeo 1999, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na ya dukani. Yangu alinitengenezea mdogo wangu. Alichukua chupa ya maji ya nusu lita, akaiosha akaianika, akachora mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa kwa kalamu, akapasha waya kwenye moto akakata taratibu kwa kufuata mchoro, kidogo kidogo huku akijaribisha, mpaka pampu ikaingia kwa kubana. Pale pembeni akazungushia gundi hewa isipite. Unachomeka pampu kwenye kitako, mdomo wako unakaa pale pa kunywea maji. Ikiwa mpya ioshe kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa maana plastiki ikifutwa inashika ile dawa ukutani. Rudia kuosha kila wiki. Inaonekana ya kimaskini lakini mi nisingeibadilisha na kitu.

Nyumbani au kwenda kuvuta mashine

Mimba ya kwanza nilikuwa mtu wa mashine, ile nebulaiza. Nikibanwa naamini bila mvuke siponi, basi ni bodaboda saa tisa usiku na tumbo, barabara ya mashimo. Siku moja tumefika kituo fulani umeme hamna, mashine haiwaki, na hakuna aliyefikiria kunipa pampu na chupa. Kumbe kwa kubanwa kwa kawaida pampu na chupa vinafikia mashine kabisa. Niliyofundishwa mimba ya pili ni hivi: kaa wima uinamie mbele kidogo, bluu mara nne kupitia chupa, bonyezo moja moja na kupumua katikati, subiri dakika 20, kama hujafunguka rudia huku mtu anaita usafiri. Rudia na njiani.

Hospitali unaenda bila kujadili kama huwezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, midomo au kucha zimekuwa za bluu, pampu ya bluu haikai hata masaa matatu pumu inarudi tena, au mtoto amepunguza kucheza. Kule wana kitu ambacho chupa haina, oksijeni. Mjamzito wanamwekea ibaki asilimia 94 au zaidi kwenye kile kifaa cha kidoleni, we uliza ni ngapi, una haki ya kuuliza.

Jikoni na chumbani

Hapa napita haraka maana mnayajua. Kuni na mkaa zinachochea, mkaa usiotoa moshi nao bado unatoa hewa mbaya, kwahiyo kama unaweza mtungi mdogo wa gesi hata wa kuchangia na mpangaji mwenzio, fanya. Kama huwezi, jiko litoke nje, na kuliwasha awashe mwingine, ule moshi wa mwanzo ndo mbaya. Dawa ya mbu ya kuchoma na chandarua, chagua chandarua unachopewa kliniki. Kiungulia nacho kinaamsha pumu usiku, kula mapema, usilale umeshiba.

Ya kumwambia mkunga

Kubanwa wakati wa uchungu hakutokei sana, ila zipo dawa ambazo mwenye pumu hapewi bila kufikiria. Presha ya mimba ikipanda, metildopa au nifedipini ni chaguo zuri kwetu, labetaloli inaweza kukubana kifua. Kuzuia damu baada ya kuzaa, oksitosini haina shida, ergometrini wawe waangalifu nayo na karboprosti ikwepwe. Maumivu ni parasetamoli kwanza, diklofenaki na ndugu zake baadhi yetu zinatubana, na mimba ikikua hazifai kwa yeyote. Mi niliandikiwa kwa kalamu nyekundu juu ya kadi, MAMA ANA PUMU, na kwenye mkoba wa kujifungulia pampu zote mbili na chupa vilikaa juu ya kanga, sio chini.

Wa kwanza alizaliwa wiki ya 35 akiwa na kilo mbili na gramu mia, siwezi kuapa kwamba ni pumu peke yake, lakini nilibanwa vibaya siku nne kabla. Wa pili alifika wiki ya 39, kilo tatu na ushee. Ya kuzuia sikuiacha, nanyonyesha nayo, haina shida kwa maziwa. Mama mkwe ndo amekuwa wa kunikumbusha, jioni utamsikia toka uani, mama nanii umevuta? Na kipindi cha arobaini alivyoleta ubani kufukiza nguo za mtoto, chetezo alikipeleka mwenyewe nyuma ya nyumba, nguo zikafukizwa huko, zikaning'inia kwenye kamba mpaka ule moshi ukaisha, ndo akaziingiza ndani.